Kona Nne za Kioo cha Jumwa

Kwa Bwana Clifford,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wakaazi,
Nyumba yenye geti la buluu,
Kiembeni, Kisauni.

Bwana Mwenyekiti,

Kwanza pokea salamu zangu, wewe na mama watoto Roseline, na wale mapacha ambao nasikia sasa wanaota meno na hawampi mtu usingizi. Pili naomba radhi kwa kukuandikia badala ya kuja kukueleza, ilhali kati ya nyumba yako na yangu pana nyumba mbili tu na lile bomba la maji. Si kiburi. Jambo lenyewe nikilieleza kwa mdomo watu hucheka kabla sijafika katikati. Wewe mwenyewe Ijumaa iliyopita ulicheka, kisha ukajifanya unakohoa. Karatasi haina shida hiyo, itangoja mpaka umalize kukohoa.

Kama ujuavyo, mimi nilikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kusimama gatini na kuhakikisha kwamba kilichopakiwa huko kilikotoka ndicho kinachoteremshwa hapa. Gunia likiondoka limejaa likafika limelegea, mimi ndiye niliyeuliza. Kasha likiondoka na pembe zake zote likafika limebonyea, mimi ndiye niliyeandika. Sikuwa na ugomvi na mtu, nilitaka tu mzigo ufike kama ulivyotumwa. Nimeyataja haya ili ujue kwamba malalamiko yangu hayatoki kwa mzee aliyekosa la kufanya, kama alivyosema kijana mmoja wa timu yetu ya mpira. Simtaji jina, ila babake anauza makaa.

Mlalamikiwa ni Jumwa, msusi, mwenye saluni ya mabati ng'ambo ya uwanja wa mpira. Tangu mwezi wa tano Jumwa amekitoa nje kioo chake kikubwa, kile cha mraba, akakiegemeza juu ya meza mbele ya mlango ili wateja wajione wakisukwa, kwa maana ndani ya saluni ni joto na giza. Jua la asubuhi linakipiga kile kioo. Kioo nacho kinalitupa juu ya uwanja mzima, na linapotua ni nyumbani kwangu. Nyumba yangu imeelekea uwanjani na kulipa jua kisogo, na miale michache iliyokuwa ikitufikia jioni ilizibwa na ghorofa la jirani yangu Mwangi. Kwa hiyo nuru hii ya kioo, siwezi kukana, ndiyo nuru pekee inayoingia vyumba vyetu vya mbele.

Hiyo ndiyo ninayoilalamikia. Malalamiko yangu ni manne, na nitayapanga kwa utaratibu.

1. Nuru inaondoka kwa Jumwa ikiwa ya mraba na inafika kwangu ikiwa duara. Kona nne zimepotea.

Usiharakishe kusema ni macho ya uzee. Nilifanya uchunguzi. Nilichukua kifuniko cheupe cha boksi la viatu, nikavaa kanzu nyeupe kwa ajili ya ushahidi wa pili, nikaanza kutembea kutoka kwenye kioo kuja nyumbani huku nimekikinga kile kifuniko kwenye nuru. Karibu na kioo mraba ulikuwa kamili, kona zake kali kabisa. Kwenye eneo la penalti bado zilikuwepo. Nilipofika katikati ya uwanja zilikuwa zimelika, kama kipande cha sabuni kilichotumika kufulia mara mbili. Nilipofika goli la upande wetu sikuweza tena kusema kwa yakini ipi ni kona na upi ni ubavu. Ukutani kwangu lilikuwa duara, sinia tupu, na kingo zake zimefifia.

Basi mimi kwa uzoefu wangu nikajua kwamba upotevu unatokea katikati ya uwanja. Na katikati ya uwanja, wakati huo, palikuwa na nani? Vijana wa mpira. Niliwaomba wafunue mifuko. Nashukuru kwamba walinipa heshima yangu na wakafunua, japo wawili hawakuwa na mifuko na ilibidi watikise soksi. Hapakupatikana kona hata moja. Kipa alikuwa na kipande cha kaimati ndani ya glavu, nikamrudishia.

Nikarudi kwa Jumwa kumuuliza. Jumwa ni mtu wa adabu, hilo nalikiri. Alimwacha mteja wake na nusu ya nywele imesukwa, akakifunika kioo kwa leso mbili mpaka ikabaki nafasi ndogo ya pembetatu, akasema twende tukaone. Tukavuka uwanja sote watatu, pamoja na mteja. Ukutani kwangu tulikuta duara lile lile, ila limepauka. Yaani hata ukituma pembetatu, utapokea duara. Bandarini hili lingefunga gati zima.

2. Nuru inafika imetiwa maji.

Ukisimama karibu na kile kioo huwezi kufumbua macho, na ukiweka mkono unausikia moto. Ikifika kwangu ni ya uvuguvugu, chai ya kichujio cha pili. Lakini hapo hapo imekua kwa ukubwa. Kioo cha Jumwa ningeweza kukibeba kwapani. Duara linaloanguka ukutani kwangu lingenihitaji mimi na Mwangi tukishikana mikono. Miaka yangu yote ya kazi niliona mizigo iliyopungua. Niliona, mara chache, mizigo iliyozidi, na wenyewe wakaja haraka kuifuata. Sikuwahi kuona mzigo uliokua mkubwa njiani huku ukipungua uzito.

Kuhusu haya mawili nilikwenda kumwona Mwalimu Mwende, mpangaji wa ghorofa ya juu kwa Mwangi, anayefundisha fizikia. Mwende alifurahi kuliko ilivyofaa. Alinieleza kwamba sisi tunalichukulia jua kama nukta, na si nukta, lina upana wake pale lilipo. Kila kipande cha uso wa jua kinatuma mraba wake kupitia kile kioo, na kwa kuwa vipande hivyo haviko mahali pamoja, miraba yao inaondoka imepishana kidogo sana. Karibu na kioo yote imelaliana, unaona mraba mmoja. Kadiri inavyosafiri ndivyo inavyoachana, kona ya huu inaangukia ubavuni mwa ule, mpaka ikifika mbali haionekani tena miraba, unaonekana mpangilio wake. Na mpangilio wake ni umbo la jua lenyewe. Kioo kikiwa bapa na safari ikiwa ndefu, alisema, umbo la kioo husahaulika, na kinachotua ukutani ni picha ya jua. Ndiyo maana nuru ni kubwa na ndiyo maana ni hafifu: ni ile ile iliyotumwa, imetandazwa.

Nilimshukuru. Nikamuuliza kama kitaalamu inawezekana kuzirudisha zile kona. Akasema ningeweza kuhamia karibu na saluni.

Nilirudi nyumbani na maelezo hayo, nikayafikiri, nikaona kwamba hayamtetei Jumwa hata kidogo. Yanaongeza kosa. Kwanza nilidhani naletewa nuru ya kioo. Kumbe naletewa picha ya uso wa jua, mtu mzima, anayeonekana na dunia nzima, na analetwa wapi? Chumbani kwa mke wangu. Hapo ndipo linapoanza lalamiko la tatu.

3. Nuru haipigi hodi.

Sisi hapa, awe Mswahili, awe Mgiriama, awe wa bara, hatuingii nyumba ya mtu bila hodi. Hata Mwangi, ambaye alipohamia alikuwa akifungua mlango kwanza na kusalimia baadaye, sasa amejifunza na anapiga hodi kwa sauti ya kutangaza mnada. Nuru hii inapitia dirishani.

4. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ni habari ya mke wangu, Bi Nana.

Unakumbuka kwamba aliteleza bombani akitia udhu, siku chache kabla ya Ramadhani, akavunjika nyonga. Ulikuja hospitali na machungwa, sijasahau. Wakampasua, wakatia chuma, na daktari akasema chuma kimekaa vyema, kilichobaki ni yeye mwenyewe kuinuka na kutembea, tena upesi, maana akizoea kulala hatainuka tena. Tukapewa fremu ya kutembelea. Niliiweka kando ya kitanda, Bi Nana akaigeuzia mgongo. Akawa analala akitazama ukuta. Si kwa maumivu, maumivu yalikuwa yamepungua. Alisema miguu yake imemaliza safari zake na mimi nimwache.

Mwanamke huyu, Bwana Mwenyekiti, ndiye aliyekuwa akienda sokoni Kongowea kabla sijaamka, akarudi na vikapu viwili huku akigombana na mchukuzi wa mkokoteni kutoka barabarani mpaka jikoni. Nilimwomba. Nilimpikia uji nikauunguza, nikapika mwingine. Nilimsomea, nikamtania, nikamnunia. Nilimleta kijana wa mazoezi ya viungo, akamshukuru sana na kumwambia aende. Nitakuambia ukweli: niliogopa. Nilikuwa nikisimama mlangoni pa chumba namtazama mgongo, na nyumba nzima naiona imezima nami nimo ndani.

Sasa hebu sikiliza matendo ya hiyo nuru.

Siku ya kwanza iliingia dirishani na kutua ukutani, ukuta ule ule alioupa uso wake, mbele ya pua yake. Alidhani ni mimi namchezea na tochi, akanikemea. Nikasema si mimi, niko huku naosha vyombo. Nuru ikaanza kwenda, pole pole lakini unaiona inavyokwenda, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Bi Nana akaifuata kwa macho, kisha kwa shingo, kisha akajigeuza kwa ubavu aliokuwa akikataa kuulalia. Ilipofika ukingo wa dirisha ikatoka. Akauliza imekwenda wapi.

Wallahi nilisimama na sufuria mkononi. Hilo lilikuwa swali la kwanza kumtoka tangu atoke hospitali. Nami nilikuwa nimemuuliza maswali mchana kutwa, asinijibu hata moja.

Siku ya pili nilimkuta ameamka kabla yangu, ameegemea mito. Akataka kitana. Siku iliyofuata akataka wanja. Mwanamke mwenye wajukuu anapaka wanja kulingoja duara. Akanituma nimwite Nusaiba, binti wa dadake, aje ampake hina, na nilipouliza kuna harusi gani, wote wawili wakanitazama kama fundi aliyeitwa kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Kosa kubwa nililifanya mimi. Aliniuliza tena nuru ikitoka pale huenda wapi, nami kwa ujinga wangu nikasema kweli: hupita ukutani kwa nje, kisha huingia dirisha la ukumbini, ikatua kwenye kalenda, halafu hupita mlangoni, na mwisho huishia barazani. Kesho yake nilisikia chuma kikigonga sakafu, nikatoka jikoni mbio nikidhani ameanguka. Alikuwa amesimama. Fremu ile ile niliyomsihi aishike, ameishika kwa mikono miwili, anatetemeka, jasho linamtoka, anaelekea ukumbini. Alipofika, nuru ilikuwa imeshapita. Akanigombeza kwa nusu saa kwamba nimeacha ndoo njiani.

Siku hizi huitangulia. Hunywa chai, hushika fremu, huenda kukaa kwenye kochi akatazama kalenda, na mimi nikipita mbele yake huniambia nisimame kando nisimzibie, yuwaja. Yuwaja! Nilipokwenda kwao kuposa, wazee wake walinikalisha barazani tangu alasiri mpaka magharibi, na yeye ndani hakuchungulia hata kwa jicho moja. Na nilifika na kona zangu zote.

Nauliza, Bwana Mwenyekiti, kama mume: mimi nimeomba kwa ulimi mpaka ukakauka, hakuinuka. Hiki kitu kisicho na ulimi, kisicho na adabu ya hodi, kilichopungua kona na kutiwa maji, kimewezaje?

5. Nilisema malalamiko ni manne lakini hili limejitokeza wakati naandika. Nina ushahidi kwamba mambo haya yanafanywa kwa makusudi.

Mwanzo nuru ilikuwa ikipita mara moja na kwenda zake. Sasa ikishaishia barazani hukaa kidogo, kisha ghafla inarudi dirisha la chumbani na kuanza safari upya. Nilitazama kwa miwani ya mbali. Ni Jumwa. Amesikia habari za Bi Nana kutoka kwa Nusaiba, na sasa ana kipande cha ubao chini ya kioo. Kila nuru ikimaliza, anaacha kichwa cha mteja, anakisukuma kioo kwa goti, anautia ubao, anatazama kwetu mpaka aone duara limekaa dirishani, ndipo anarudi kusuka. Wateja wanangoja. Hakuna aliyelalamika, jambo ambalo kwa wateja wa saluni si la kawaida.

Tena si yeye peke yake. Agneta, jirani yako, ameng'oa kamba yake ya kuanikia nguo iliyokuwa ikikatiza uwanja. Mwangi amemfukuza dereva wa lori la mchanga aliyeegesha penye njia ya nuru, akamwambia maneno ambayo sikujua kwamba ameshayajua kwa Kiswahili. Wale vijana wa mpira, ambao nilikuwa karibu kuwasamehe, wamehamishia mazoezi yao jioni ili wasitimue vumbi asubuhi. Hivi ndivyo mtaa mzima unavyoshirikiana kuingiza kitu nyumbani kwangu, na mimi mwenye nyumba sikuletewa hata karatasi ya kutia sahihi.

6. Mawingu.

Wiki iliyopita palikuwa na mawingu asubuhi nzima. Bi Nana alikaa kwenye kochi na wanja wake, akatazama kalenda, na kidogo kidogo nikaona mabega yanashuka. Nikaingiwa na ile hofu yangu ya zamani. Nikachukua tochi, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka mpaka chini ya dirisha la ukumbi, nikachuchumaa kwenye mitaro nikamulika ndani kuelekea kwenye kalenda, nikaisogeza pole pole kama ninavyoiona yenyewe ikisogea.

Mimi, ambaye katika kazi yangu yote sikughushi hata gunia moja, nilighushi jua.

Bi Nana akasema kutoka ndani, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba hii ya leo aliyeishika mkono unamtetemeka, na kama amechoka kuchuchumaa aingie ndani anywe chai. Akacheka. Mitaroni mle mle nikasikia kicheko cha mke wangu, ambacho nilikuwa nimeshakizika. Nilishindwa kusimama kwa muda, kwa sababu ya magoti. Hili naliandika kama hasara niliyopata. Kanzu iliharibika na tochi ikaingia maji.

Kwa hayo yote, naomba Kamati ichukue hatua zifuatazo, kwa mpangilio nitakaouandika hapa, na ikishindwa ya kwanza iende ya pili.

Jumwa azirudishe kona nne, zikiwa nzima. Kama anasema hana, aonyeshe alikozipeleka. Kama zimesambaa hewani juu ya uwanja kama anavyodai Mwalimu Mwende, basi uwanja ufungwe, na wakaazi wote wapite na makarai wazikusanye, kila nyumba itoe mtu mmoja.

Nuru ikandamizwe irudie ukubwa wake wa awali na ukali wake wa awali, au nipewe maelezo kwa maandishi kwa nini mimi nipokee iliyotandazwa wakati wateja wa saluni wanapata iliyokazana.

Nuru ipitie mlangoni. Ipige hodi. Ikiitikiwa, iingie; isipoitikiwa mara tatu, irudi ilikotoka, kama mtu yeyote aliyelelewa. Ikae ukumbini na wageni wengine, na itakachoambiwa na mke wangu niambiwe na mimi.

Na kama yote hayo yanaishinda Kamati, basi kioo kiondolewe. Kigeuzwe kiangalie Bamburi, kwenye mahoteli ya ufuoni, ambako kuna watu wamesafiri kwa ndege ili walale juani. Wao watapokea umbo lolote. Sisi huku tulikuwa tumeshazoea kiza chetu, tulikuwa tumekaa ndani yake vizuri tu, hakuna aliyekuwa akinifokea juu ya ndoo.

Ningependa jibu kabla ya kikao cha Jumamosi. Nimefikiri sana kabla ya kuandika, na sioni mahali ambapo hoja yangu ina tundu.

Nisalimie Roseline na mapacha, na mama mkwe wako akija kutoka Voi. Nisalimie Agneta, umwambie kamba yake ni nzuri pale ilipo sasa. Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, hata yule anayesinzia. Mwangi nitamsalimia mwenyewe. Jumwa asisalimiwe mpaka shauri liishe, ila ukipita pale mwambie ule ubao ni mfupi, ninao mwingine hapa uani atume mtu achukue.

Ni mimi wako katika ujirani mwema,

Mohdhar bin Abubakar,
Karani mstaafu wa shehena.

Nyongeza: Bwana Mwenyekiti, nilipokwisha kutia sahihi nikawa natafuta bahasha, Bi Nana akauliza kutoka barazani naandika nini tangu asubuhi. Barazani, ndiyo, leo nuru ilipotoka mlangoni aliifuata akavuka kizingiti, jambo ambalo hajalifanya tangu tumlete kwa teksi amelala kiti cha nyuma. Nilibabaika. Nikasema ni barua ya shukrani kwa Jumwa, inapitia kwa Mwenyekiti ili iwe rasmi. Akasema ni aibu shukrani yake kupelekwa na mtu mwingine wakati miguu anayo. Ataileta mwenyewe. Nikamwambia ni mbali. Akasema nyumba mbili na bomba.

Sasa hivi ninavyoandika anavaa buibui. Nimemwambia apite mbali na lile bomba, akasema atapita pale pale. Bahasha ameniambia nimtilie mkobani kwa sababu mikono yote miwili ni ya fremu. Miwani yake ya kusomea nimeikalia kwa makusudi, kwa hiyo njiani hataifungua. Mimi nitakuja nyuma yake na kigoda, akichoka akae. Itachukua muda. Ukimwona kwa mbali anakuja usitoke mbio kumpokea, na Roseline pia mzuie. Mwacheni afike mwenyewe mpaka aguse geti. Na akikuomba umsomee kilichoandikwa, Clifford mwanangu, nakusihi, msomee shukrani.